Helikopta Iliyotengenezwa Jabe

Vijana, mkitaka sauti ya helikopta, msianze kwa kutafuta helikopta. Najua hamtanielewa. Siku hizi mtu akihitaji sauti anaandika jina lake kwenye simu, nayo inakuja ikiwa imeshaoshwa na kukaushwa. Nilipokuwa na umri wenu, sauti ilikuwa kitu cha kwenda kuchukua mahali kilipo, kwa miguu, huku umebeba betri. Na miaka ile ya vita helikopta tulizozisikia Bujumbura zilikuwa za jeshi. Mtu aliyezisogelea ameshika kijiti cheusi chenye waya hakuulizwa maswali marefu.

Basi ya kwangu niliitengenezea Jabe, mtaa wa mjini humo. Ilikuwa nusu jiko, nusu nguo mbichi, na katikati mashine ya kusaga unga.

Naitwa Zena. Nimefanya kazi ya sauti mpaka sikio langu la kushoto likaomba kustaafu, nami nikalifuata. Nilianza kwenye harusi za kwetu Buyenzi, nikirekodi kasida na taarabu kwenye kaseti, kisha kwaya za makanisa ya mjini kote. Nilijua namna ya kumsogeza mwimbaji mbaya mbali na maikrofoni bila yeye kukasirika. Hiyo ni elimu kubwa kuliko yote nitakayoyasema hapa, lakini haihusiani na helikopta.

Aliyeniingiza kwenye habari za helikopta ni Prosper. Alikuwa na duka nyuma ya soko la Jabe, lenye kompyuta chache alizonunua kwa ofisi moja iliyofungwa. Asubuhi watu walikuja kuchapisha barua za kuomba kazi. Mchana, kwa kuwa kazi hazikuwepo, watu walewale walikuja kucheza. Prosper alivaa tai kila siku, hata siku ambazo milio ya bunduki kwenye milima ilikuwa karibu mno na soko likafunguliwa nusu. Alisema tai inatuliza watu.

Siku moja akaletewa kutoka Nairobi mchezo mpya, wa helikopta ya vita. Unakaa ndani kama rubani, mbele yako vioo na saa nyingi, chini yako nchi ya kijani isiyo na jina. Vijana wa mtaa walijaa. Wakatazama, wakasikiliza. Ndipo mwanafunzi mmoja wa chuo akamgeukia mwenye duka.

"Bwana Prosper, hii si helikopta. Hii ni mbu walifungia mu chupa."

Hakukuwa na la kubishana. Miaka ile kila mtu wa Bujumbura alikuwa mtaalamu wa helikopta. Bibi aliyekuwa anachambua mchele barazani angekuambia bila kuinua uso kwamba ile inakwenda, ile inarudi, na ile inayorudi ni nyepesi kuliko ilivyokwenda. Waliotengeneza mchezo ule huko kwao hawakujua kwamba utafika kwa wasikilizaji wa aina hiyo.

Prosper akanifuata Buyenzi. Akanionyesha kwamba ndani ya mchezo, sauti zote zimewekwa kwenye folda moja, kila sauti faili yake. Ukiweka faili yako kwa jina lilelile, mchezo unaicheza bila kuuliza wewe ni nani.

"Dada Zena, utaweza?"

"Nitaweza."

Sikuwa naweza. Lakini kazi hii, vijana, ndivyo inavyoanza. Unasema utaweza, halafu unakwenda nyumbani kujiuliza umesema nini.

Nilianza na injini. Karibu na soko kulikuwa na mashine ya kusaga unga, na mwenye mashine hakuwa na neno. Nikaweka maikrofoni kando ya mkanda, nikarekodi, nikarudi dukani nimejaa unga mpaka kwenye nyusi. Sasa sikilizeni jambo hili, maana ni la kazi. Mchezo haukubali faili ndefu. Unachukua kipande kifupi, na mchezo unakirudia, unakirudia, mpaka rubani achoke au afe. Ndiyo maana kipande chako lazima kiwe safi. Kwenye kipande changu, mwenye mashine alikuwa amemwambia mteja aongeze mahindi. Sikumsikia nilipokuwa pale, kwa sababu ya kelele. Dukani tulimsikia wote. Helikopta ilipaa juu ya nchi ya kijani ikisema: "Ongeza! Ongeza! Ongeza!" Ukizidisha mwendo, mchezo unainua sauti, na mwenye mashine anasema vilevile lakini kwa sauti ya mtoto.

Vijana waliipenda sana. Wengine waliomba isibadilishwe. Prosper alilegeza tai, jambo alilolifanya mara chache.

Ndipo nikampata mwalimu wangu. Mzee Barnabé alikuwa fundi wa ndege mstaafu, akikaa Mutanga Nord, kule juu ya mji, kwenye nyumba yenye bustani ya maua aliyokuwa akiipalilia kwa bisibisi. Injini alizozitengeneza maisha yake yote zilikuwa zimemla masikio. Ukisema naye ilibidi ukae mbele yake na ufungue mdomo vizuri. Nilipomweleza ninachotaka, alicheka, akidhani amenisoma vibaya midomoni. Nilipomweleza mara ya pili alivaa viatu.

Dukani hakusogeza sikio. Aliweka kiganja juu ya sanduku la spika, akafumba macho.

"Hii imebeba nini?" akauliza.

"Haijabeba kitu, mzee. Ni mashine ya unga."

"Najua ni mashine ya unga. Nauliza imebeba nini. Injini yenye kubeba muzigo na injini yenye haina muzigo hazitetemeke sawa, hata kama zinazunguka sawa. Hapa mahindi ilikuwa kidogo. Helikopta yako inashuka wakati vijana wanafikiri inapanda."

Nikarudi kwa mwenye mashine nikamwomba asage mara moja mahindi machache na mara nyingine mengi, akiwa kimya. Kumnyamazisha ilikuwa kazi ngumu kuliko kurekodi.

Somo la pili la Barnabé alilisema mbele ya wateja wote, kwa sauti kubwa kama wanavyosema viziwi. "Dada, rubani hasikie injini na masikio. Masikio iko mu casque. Injini anaisikia na matako." Akamaanisha kwamba masikio ya rubani yamefunikwa na casque, vile vipokea sauti vya kichwani, kwa hiyo mtu aliye ndani ya helikopta hapati sauti ile tunayoipata sisi chini. Anapata mtetemo wa kiti, wa sakafu, wa kila msumari uliolegea. Sisi chini tuna helikopta moja, yeye ndani ana nyingine.

Basi nikaenda Ruziba, ufukweni mwa ziwa, nikapanda mtumbwi wa injini. Nilivisha maikrofoni soksi, nikaikandamiza kwenye ubao wa chini, nikalala kifudifudi juu yake isichukue upepo. Mvuvi akanitazama kwa muda mrefu.

"We unasikiliza samaki?"

"Apana. Helikopta."

Akahamia upande mwingine wa mtumbwi, akakaa huko mpaka tuliporudi. Lakini mtetemo ule ulikuwa mzuri sana. Barnabé alipouwekea kiganja alisema jina la ndege moja aliyoipenda ujanani.

Vilivyobaki nilivipata nyumbani. Ule mlio mwembamba wa kupuliza, wa injini ya juu, ulitoka kwenye jiko la mafuta ya taa la kupampu. Likishika vizuri linavuma kama ndege kubwa. Weka maikrofoni nyuma ya sufuria, si mbele ya moto. Na mapanga yanayozunguka juu, ile pa-pa-pa ambayo kila mtu aliijua, yalitoka kwenye kitenge kilicholoa, kikipigwa juu ya saruji na dada yangu aliyekuwa na hasira na mumewe. Nilirekodi pigo moja tu. Nikalikata pale ambapo mchoro wa sauti kwenye kompyuta unavuka mstari wa katikati, maana ukikata juu au chini ya mstari unapata kitu kama kidole kinachogonga meza kila kipande kinaporudia. Pigo moja, vijana, likirudiwa kwa usawa. Ukirekodi mapigo mengi unarekodi mtu anayefua.

Tulipoviunganisha vyote, Prosper aliwasha mchezo. Barnabé aliweka viganja viwili kwenye sanduku, akaitikia kwa kichwa. Mimi nilisikia nywele za mikononi zinasimama, nikafurahi, kwa sababu nilikuwa fundi na kazi yangu ilikuwa imekubali. Sikuwaza lingine. Nawaambia mjue furaha hiyo ikoje, maana na nyinyi mtaipata.

Prosper, kwa furaha yake, aliwaza wateja. Kesho yake, soko likiwa limejaa, alibeba masanduku mawili makubwa ya spika, yale ya harusi, akayaweka nje ya mlango yakitazama soko. Mimi nilikuwa ndani nimevaa casque, nikimsawazishia kijana mmoja sauti. Prosper akaunganisha waya. Kijana akawasha injini.

Kwenye casque nilisikia kile nilichokuwa nakisikia wiki nzima. Nilichoona ni mlango kuingia giza, maana watu walikuwa wanaingia dukani wote kwa pamoja. Mtu alipita chini ya meza yangu. Kuku alipita juu yake. Nilipovua casque nilisikia soko la Jabe linafanya kitu ambacho sijakisikia tena: vyombo vinaanguka, lakini hakuna mtu anayepiga kelele. Watu waliozoea hawapigi kelele. Wanakimbia tu.

Nikaivuta waya ya umeme. Helikopta ikakatika.

Nje, nyanya zilikuwa zimetapakaa barabarani. Watu walikuwa wamelala chini ya meza, kwenye mifereji, nyuma ya magunia. Walipoona kimya kinaendelea, wakaanza kuinua vichwa mmojammoja kutazama mbingu. Mbingu ilikuwa safi. Wa mwisho kushusha macho walikuwa askari wa kituo cha karibu, na mmoja wao alikuwa ndani ya mfereji mpaka kiunoni.

Afisa wao alifika baada ya muda mfupi. Alikuwa mtu mpole wa sauti, jambo ambalo halikunituliza.

"Helikopta iko wapi?"

"Iko mu ordinateri, mon commandant," Prosper akajibu, akinyoosha tai.

Afisa aliitazama kompyuta, kisha akamtazama Prosper.

"Nani aliileta?"

"Mi ndo niliitengeneza," nikasema.

"Na nini?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye kitenge, alinisimamisha kwa mkono, akaomba nirudie tangu jiko. Askari aliyetoka mferejini alikuwa amesimama nyuma yake, maji yakimchuruzika. Afisa akavaa casque, akasikiliza. Uso wake haukubadilika, ila mkono wake ulikwenda polepole ukashika ukingo wa meza. Alipovua, alisema neno moja tu: "Jiko." Kisha akaniuliza nilijifunzia wapi, nani alinituma, na sauti ile nimempa nani mwingine. Aliuliza hivyo kwa njia nyingi. Nilianza kuelewa kwamba siku ile huenda nisilale kwetu.

Ndipo Mama Sifa akaingia. Alikuwa anauza vitambaa meza ya tatu kutoka dukani, mwanamke mnene wa maneno mengi. Alikuwa ameshika khanga ya kubebea mtoto, na khanga ilikuwa tupu.

"Mutoto wangu," akasema. "Alikuwa pale chini, anacheza na vipande ya kitambaa. Mi niliinama kidogo tu. Hayuko."

Jirani mmoja nyuma yake akasema alimwona Mama Consolate ameondoka naye. Mama Consolate alikuwa muuza majani ya muhogo, mama wa makamo aliyeshuka kutoka milimani baada ya vijiji vya kule kuungua. Alikaa kwa binamu yake, aliongea kidogo, na majani yake yalikuwa yametwangwa vizuri kuliko ya wote. Jirani alimwona amemnyakua mtoto chini ya meza, akamtupa mgongoni, akakimbia kuelekea barabara ya juu bila viatu. Viatu vyake vilikuwa bado pale kwenye majani.

Afisa alinitazama. Alimtazama Mama Sifa. Jua lilikuwa limeanza kuinama, na mjini ulikuwepo muda ambao baada yake mtu hatembei.

"Vitambulisho," akasema. Tukampa. "Leteni ile mutoto. Mimi na nyinyi hatujamaliza."

Tulitoka mimi, Mama Sifa na Prosper, tukiuliza njia nzima. Mtu aliyekimbia peku na mtoto mgongoni hakuwa ajabu miaka ile, kwa hiyo ilibidi tueleze zaidi: mtoto wa kike, gauni la njano. Muuza mkate akasema alipita. Mlinzi wa geti akasema alipita, na kwamba alimwita akae nyuma ya ukuta lakini hakusikia. Mama Sifa alikuwa mbele yetu wote, na unene wake, akipanda mwinuko kama msichana. Kila baada ya hatua chache alisema, "Hakunywa maji," kwa sauti ya mtu anayejisemea.

Njia ilitupeleka Mutanga Nord. Nikakimbilia kwa Barnabé, maana ndiye niliyemjua kule. Alikuwa bustanini, hakusikia lolote mchana kutwa. Alipoelewa, aliweka bisibisi chini, akatuongoza kwenye nyumba ambazo wenyewe walikuwa wamekimbilia nje ya nchi kabla hazijaezekwa. "Mutu anayekimbia helikopta," akasema, "anatafuta zege."

Tuliwakuta kwenye nyumba ya tatu, chini ya ngazi ya saruji. Mama Consolate alikuwa amekaa ameukunja mgongo wake juu ya mtoto kama mtu anayekinga moto na upepo. Mtoto alikuwa anakula biskuti. Sijui biskuti ilitoka wapi. Mama Sifa alimchukua, akamkagua mikono, miguu, masikio, kisha akakaa sakafuni na kulia kwa sauti ambayo sikuwahi kumrekodi mtu akilia hivyo, wala sitaki.

Mama Consolate alinitazama mimi.

"Imeisha?"

"Haikuwa helikopta, mama."

"Mi niliisikia."

"Ilikuwa mashine ya unga."

Akafikiri.

"Mi nilikimbia mashine ya unga?"

"Na jiko," nikasema. Nilikuwa nimezoea kumweleza kila mtu kazi yangu kwa mpangilio.

Hakukasirika. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekasirika. Aligeuka kwa Mama Sifa, akamwambia polepole, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kirundi, kwamba hakutaka kumwibia mtoto. Kule mlimani, kajugujugu ilipokuja (ndivyo Kirundi kinavyoiita helikopta, na kweli jina limetoka kwenye mlio), yeye alikuwa shambani upande huu na mwanawe alikuwa uani upande ule. Alidhani mtoto yuko na baba yake. Baba alidhani mtoto yuko na mama. Kila mmoja alikimbia na njia yake.

"Leo," akasema, "nilishika yenye alikuwa karibu."

Mama Sifa aliacha kulia. "Na wako?" akauliza. "Mulimupata?"

"Oya," akasema Mama Consolate. Hapana.

Mama Sifa akamtazama sana. Halafu akamkabidhi mtoto, akainuka, akajifunga khanga vizuri, akasema, "Mubebe we. Mi nimechoka, na mulima hii." Ulikuwa mteremko wa kushuka. Tulishuka hivyo mpaka Jabe, mtoto mgongoni kwa Mama Consolate, na Mama Sifa kando yake ameshika kile kiguu kimoja kilichoning'inia.

Afisa alikuwa ananyoa ndevu alipotupokea kituoni. Aliwatazama wale kina mama wawili, akafuta sabuni. Alirudisha vitambulisho. Akaamuru masanduku ya spika yakae kituoni, na mchezo uchezwe kwa casque tu, kila mtu na kelele yake masikioni mwake. Halafu akaniita kando.

"Dada. Kitenge ni cha aina gani?"

Nikamwambia ni kizito, kile cha pamba tupu. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayehifadhi habari ya kijeshi.

Kuanzia hapo duka la Prosper lilikuwa mahali pa kimya kuliko msikiti. Ungeingia ukakuta vijana wamejipanga, casque masikioni, wanapinda kushoto, wanapinda kulia, wanatoa jasho, na hakuna hata mlio. Mimi nilidhani Mama Consolate hatapita tena upande ule. Alihamisha majani yake kweli, lakini aliyahamishia kando ya meza ya Mama Sifa, yaani karibu zaidi na sisi.

Siku moja mchana akaingia. Barnabé alikuwepo, na mimi nilikuwepo. Vijana wakavua casque mmojammoja, maana wote walijua yeye ni nani.

"Iko wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta. Aliinama, akatazama ile nchi ya kijani na vile visanduku vidogo vya nyumba.

"Watu wako wapi?"

"Hawakuwekwa, mama," Prosper akasema. "Machine haina nguvu ya kuweka watu."

"Ah," akasema Mama Consolate. Akavuta kiti akakaa. "Nataka kuishusha."

Hapo ndipo tulipogundua kitu. Tukawageukia vijana, na vijana wakatazamana. Hakuna aliyewahi kuishusha. Wote walipaa, walipiga, walipigwa, wakalipuka, wakaanza upya. Miezi yote ile hakuna helikopta hata moja iliyorudi Jabe.

Barnabé akasogeza kiti chake. Alikuwa amekaa na marubani maisha yake yote, akajua mikono yao inafanya nini. Lakini kulikuwa na shida: sauti ilikuwa kwenye casque ya Mama Consolate tu, na Barnabé hakuwa na sanduku la kuwekea kiganja. Ilibidi Mama Consolate aseme anachosikia.

Nikamvisha casque. Nikaweka mkono wake kwenye kijiti cha kuongozea mchezo. Kijana wa chuo akaipaisha kwa niaba yake kisha akamwachia. Nilimwona Mama Consolate anafumba macho, mabega yanapanda hadi masikioni. Prosper alinyoosha mkono kuelekea waya. Mama Consolate, macho yakiwa bado yamefumba, alitikisa kichwa.

"Inalia namna gani?" Barnabé akauliza, akitazama midomo yake.

"Kama inapanda."

"Bon. Vuta kidogo nyuma. Kidogo. Sasa?"

"Kama... kama mashine yenye mahindi imeisha."

"Ndiyo hiyo. Ishike hapo. Fungua macho. Unaona ile fasi haina nyumba?"

"Ninaiona."

"Usiiangalie sana. Sikiliza. Ikianza kulia nyepesi sana, unaanguka. Ikianza kulia na nguvu, unapanda. We unataka katikati."

Alikwenda hivyo, akituambia. Sasa nzito. Sasa nyepesi. Sasa chini kuna kitu kinatetemeka. Huo ulikuwa mtumbwi wa Ruziba. Vijana walisimama nyuma yake wote, na mimi nilisikia wanavyopumua. Mara moja helikopta iliinamia upande, mtu akasema "Yoo!", naye akairudisha bila haraka kama mtu anayerudisha beseni kichwani. Nchi ya kijani ilipanda, ikapanda, ikajaa kioo. Kikatikisika. Kikatulia.

"Iko chini," akasema kijana wa chuo, kwa sauti ndogo.

"Zima," Barnabé akasema.

Nikamwonyesha kitufe.

Sasa, vijana, kulikuwa na faili moja kwenye ile folda ambayo niliitengeneza kwa sababu tu jina lake lilikuwepo, na mimi siachi faili tupu. Ya injini kuzimika. Nililifunga jiko polepole mpaka moto ukakohoa ukafa, na mwenye mashine akauachia mkanda mpaka jiwe likajizungukia lenyewe, likachoka, likasimama. Mapigo ya kitenge niliyatenga mbalimbali, moja, halafu lingine mbali zaidi, halafu lingine. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya kwa ule mchezo. Hakuna aliyekuwa ameisikia, maana hakuna aliyefika huko.

Sisi hatukusikia kitu. Tulimwona tu akisikiliza. Kichwa chake kilikuwa kinaitikia, polepole, kila mara polepole zaidi, kisha kikaacha. Mabega yakashuka. Casque ilikuwa bado masikioni, haina tena sauti ndani yake.

"Kumbe inazimika," akasema.

Barnabé alikuwa amesoma midomo yake, nikaona anatazama pembeni. Nje Mama Sifa alikuwa anabishana na mteja kuhusu rangi ya kitambaa.

"Nataka kusikia tena," Mama Consolate akasema. "Ile ya kuzimika."

"Mama," Prosper akasema kwa upole, akishika tai yake, "mpaka iwashwe kwanza. Haizimike kama haijawaka. Na uipandishe tena, na uishushe."

Akasogeza kiti mbele, akashika kijiti kwa mikono miwili.

"Basi iwashe," akasema.